Kuchagua hema dogo la mzazi na mtoto kwa kambi ya wikendi

Maswali ni yale yale kila msimu wa likizo. Hema la watu wawili litatutosha mimi na mwanangu? Limeandikwa haliingizi maji, mbona tumeamka tumelowa? Haya yanayojifungua yenyewe ukiyarusha, yafaa? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kununua, hatua kwa hatua. Unamlenga mzazi mmoja na mtoto mmoja wa miaka 3 hadi 12, wanaolala usiku mmoja au miwili na kufika kambini kwa gari, basi au bodaboda. Wa kupanda Kilimanjaro atafute mwongozo mwingine.

Kabla ya yote, shika hili: hema hununuliwa kwa vipimo vya sakafu, si kwa idadi ya watu iliyochapwa kwenye mfuko. Idadi hiyo huhesabu watu wazima waliolala bega kwa bega, bila begi, bila viatu, na bila mtoto anayezunguka usiku kucha kama mshale wa saa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Futi ya kupimia ya fundi seremala. Ya fundi cherehani huishia sentimita 150, haifiki urefu wa hema.
- Selotepu ya karatasi, au chaki.
- Godoro au mkeka ule ule mtakaolalia.
- Mtoto mwenyewe. Usimkadirie kwa macho.
- Mpira wa kumwagilia bustani, au ndoo mbili za maji na kopo lililotobolewa matundu.
- Tochi.

Hatua ya 1: Amua mnakwenda wapi na mwezi gani

Hema la Kigamboni au Diani si lazima liwe zuri Naivasha. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Naivasha karibu mita 1,900, na usiku wa Julai huko Naivasha mtoto aliyevaa fulana tu hatalala.

Kinachobadilika ni hema la ndani, yaani chumba chenyewe cha kulala kilicho chini ya turubai la nje. Pwani unataka kuta zenye wavu mwingi ili upepo upite. Milimani unataka kitambaa kizito kuanzia sakafu hadi nusu ya ukuta, na wavu uwe juu tu. Kama ni hema moja la kwenda kote, tafuta lenye wavu mkubwa unaofunikwa na kitambaa chenye zipu kwa ndani. Pwani unakifungua, milimani unakifunga.

Kuhusu mvua usijidanganye kwamba utakwenda kiangazi tu. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba yanajulikana, lakini milimani manyunyu huja hata katikati ya mwaka. Nunua hema la kustahimili mvua, au kodi. Kambi kadhaa hukodisha mahema, na kwa anayekwenda mara moja kwa mwaka kukodi kuna akili zaidi.

Hatua ya 2: Chora sakafu ya hema nyumbani

Hatua hii ndiyo huwaokoa watu, na ndiyo wengi huiruka. Chukua vipimo vya sakafu ya hema unalolitaka, uvichore sebuleni kwa selotepu au chaki. Vipimo vya kawaida madukani ni hivi:

- "Watu 2": urefu sm 200 hadi 210, upana sm 120 hadi 140.
- "Watu 3": urefu sm 200 hadi 210, upana karibu sm 180.
- "Watu 4": urefu sm 210, upana sm 210 hadi 240.

Tandika godoro ndani ya mchoro. Godoro la 4 kwa 6 ni sm 122 kwa 183. Kwenye hema la upana wa sm 140 linabakisha sm 9 kila upande, nafasi ya tochi na chupa ya maji, basi. Magodoro mawili ya 2.5 kwa 6 ni sm 76 kila moja, jumla sm 152, kwa hiyo hayaingii kabisa. Mikeka ya kambi yenye upana wa sm 51 huingia miwili bila shida na kubakisha mahali pa begi.

Sasa laleni wote wawili. Mzazi ajinyooshe, kisha mpime kutoka utosini hadi vidoleni na kuongeza sm 25. Huo ndio urefu mdogo kabisa wa sakafu unaokufaa, kwa sababu kuta za hema huinamia ndani na blanketi litagusa pande zote mbili. Mtu wa sm 175 anahitaji sm 200. Wa sm 185 asiguse hema lililo chini ya sm 210. Upande wa mtoto acha sm 15 kati ya bega lake na mstari, maana atabingirika, na atakapogusa ukuta wenye unyevu ndipo nguo zitakapolowa.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka 6, sakafu ya 210 kwa 140 inatosha ikiwa mabegi yatalala kibarazani, ile nafasi iliyofunikwa na turubai la nje mbele ya mlango. Akishavuka hapo, au kama unajua analala kwa fujo, nenda moja kwa moja kwenye 210 kwa 180. Kipimo hicho ndicho tunachokipendekeza kwa wengi. Msiruke hadi hema la watu 4 kwa kudhani kubwa ni bora. Litakuwa zito, litataka uwanja mpana ulionyooka, litashika upepo, na miili miwili haitalipasha joto usiku wa baridi.

*Kosa la kawaida:* kusoma kipimo cha turubai la nje badala ya sakafu ya ndani. Baadhi ya wauzaji huandika "300 kwa 180" wakijumlisha na kibaraza. Uliza: sakafu ya chumba cha kulala ni ngapi kwa ngapi? Muuzaji asipojua, toa futi upime.

Hatua ya 3: Pima kimo

Utamvisha mtoto nguo humo ndani, mvua ikinyesha, ukiwa umepiga magoti. Kimo cha sm 110 kinamruhusu mtu mzima kukaa wima kwenye mkeka mwembamba. Sm 120 hadi 130 ndicho kimo cha raha. Kumbuka kutoa unene wa godoro: la inchi 4 linakula sm 10. Hema la kusimama wima halina kazi kwenu wawili. Ni tanga tu, upepo unalisubiri.

Hatua ya 4: Chagua umbo na idadi ya kuta

Kwa wanaoanza, chukua la kuba lenye fito mbili zinazokatana juu. Linasimama lenyewe hata kabla ya vigingi, kwa hiyo linafaa kwenye mchanga au mawe, na ukikuta umelala juu ya mzizi unalinyanyua na kulisogeza.

Lile la kurusha likajifungua linavutia sana, hasa mtoto akiwapo dukani. Mengi yana ukuta mmoja tu, na kwa ukuta mmoja pumzi zenu zinaganda kama maji kwenye kitambaa kinachowafunika. Likikunjwa hubaki duara pana, kubwa kuliko linavyoweza kukaa vizuri kwenye bodaboda au juu ya magoti ndani ya basi. Na kulikunja kuna ujuzi wake. Litumie ufukweni mchana.

Unachotaka ni kuta mbili: hema la ndani lenye wavu, na turubai la nje lisiloligusa. Kati yake papite kiganja wima, yaani sm 7 hadi 10. Unyevu wa pumzi hupita kwenye wavu na kushuka kwenye turubai la nje, nanyi mnabaki wakavu.

Hapa angalia kwa makini turubai la nje linaishia wapi. Mahema mengi ya bei rahisi yana kijikofia tu kinachofunika wavu wa paa, kuta zikabaki wazi. Mvua inayoshuka wima huivumilia. Mvua yenye upepo hupiga kuta, maji hushuka hadi kwenye mshono wa sakafu, na kuanzia hapo mnayo ndani. Turubai la nje lishuke pande zote hadi sm 10 au 15 kutoka ardhini. Kama halifiki, achana nalo hata kama rangi yake imemfurahisha mtoto.

Hatua ya 5: Soma namba za maji, kisha usiziamini peke yake

Kwenye lebo utaona namba kama 1500, 2000 au 3000 pamoja na mm, pengine baada ya herufi PU (utando wa poliurethani unaozuia maji) au HH (kipimo cha shinikizo la maji). Ni urefu wa nguzo ya maji, kwa milimita, ambao kitambaa kinaubeba kabla ya kuanza kupitisha. Viwango vya kwenda navyo:

- Turubai la nje: 2000 kwenda juu. 1500 ni ya manyunyu. Chini ya hapo ni kivuli.
- Sakafu: 3000 kwenda juu. Inahitaji zaidi kwa sababu goti la mtu mzima linasukuma kitambaa kwenye udongo uliolowa kwa nguvu kuliko tone la mvua.

Sakafu ya plastiki ya turubai, ile inayofanana na maturubai ya kufunikia mizigo, haina neno. Ni nzito kidogo na baada ya kukunjwa mara nyingi hupasuka kwenye mikunjo, ila hushinda miiba vizuri.

Namba hizo zinapima kitambaa tu, na mvua haipendi kitambaa, inapenda mishono. Geuza turubai la nje ndani nje, lipeleke kwenye mwanga, ufuate kila mshono kwa kidole. Unatafuta utepe mwembamba unaong'aa, umegandishwa juu ya mshono kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukiona matundu ya sindano yanapitisha mwanga na hakuna utepe, hema hilo litavuja hata kama lebo yake imeandikwa 5000. Angalia pia kona za sakafu. Sakafu nzuri imepandishwa ukutani sm 10 au zaidi, kama beseni, na mshono wake hauko chini kabisa.

Kati ya polista na nailoni, chukua polista kwa turubai la nje. Nailoni ikilowa hulegea na kushuka hadi kugusa hema la ndani. Jua letu pia huila nailoni upesi zaidi. Rangi iwe nyepesi kama bado hujaamua. Nyeusi na kijani kizito hugeuza hema kuwa tanuri mara tu jua likipanda, na mtoto ataamka nalo.

Hatua ya 6: Fito, vigingi na zipu

Fito za faiba ni za kawaida na zinatosha kwa hema dogo zikiwa na unene wa mm 8.5 kwenda juu. Udhaifu wake ni kupasuka kwa urefu karibu na kiungio cha chuma, na hapo hutoa vibanzi vinavyoingia mkononi. Mtoto asizishike bila kuelekezwa. Za alumini ni nyepesi, zikizidiwa hupinda badala ya kupasuka, na bei yake iko juu. Ukiwa na pesa ya kuongeza mahali pamoja, anza na mishono yenye utepe. Fito zifuate.

Vigingi vinavyokuja na hema karibu vyote ni waya laini unaopinda kwenye ardhi ngumu. Tengenezesha 12 kwa fundi wa kuchomelea: nondo ya mm 6, urefu sm 25, kichwa kimepindwa kwa ndoano. Vichwa vipakwe rangi kali. Kwa mchanga wa ufukweni hivyo havishiki. Jaza mfuko wa plastiki ngumu mchanga, ufunge kamba, uufukie sm 30.

Zipu ifungue na kuifunga mara kumi kwa mkono mmoja. Ikila kitambaa dukani, gizani itakula zaidi. Kisha mpe mtoto ajaribu kutoka mwenyewe. Hii si mchezo, anatakiwa aweze kutoka bila wewe. Funga kijikamba cha rangi kwenye kila kishikio cha zipu.

Hatua ya 7: Milango, kibaraza, mzigo

Milango miwili ikipatikana, vyema. Mmoja ukiwa ubavuni ni bora kuliko wa miguuni. Kibaraza cha sm 60 kinatosha viatu na begi moja. Hema lote lisizidi kilo 4, na mfuko wake usizidi sm 65, ili liingie chini ya kiti cha basi.

Hatua ya 8: Limwagie maji kabla ya safari

Lisimamishe uani, au kwenye uwanja wa jirani, mchana. Lifunge vizuri na kamba zake zote zikaze. Mwaga maji kutoka juu kwa dakika 15 mfululizo, yakipiga paa, kisha mishono, kisha ubavu. Mtu asiwe ndani wakati huo, maana pumzi itakudanganya.

Ingia na tochi. Pitisha mkono kwenye mishono, pembe nne za sakafu na pale dirisha la hewa lilipo. Weka alama ya chaki palipolowa. Likikauka, ziba mshono kwa gundi ya mishono inayolingana na kitambaa: ya PU kwa kitambaa cha PU, ya silikoni kwa kitambaa cha silikoni. Ukikosea hubanduka baada ya siku chache. Acha ikauke usiku kucha, umwage tena. Kama linavuja katikati ya kitambaa na si kwenye mshono, lirudishe dukani likiwa na risiti.

*La mitumba?* Linaweza kuwa bora kuliko jipya la bei ile ile, lakini linuse kwanza. Harufu kali ya siki na kitambaa kinachonata mkononi ni dalili kwamba utando wa kuzuia maji umeoza, na hautengenezeki. Hesabu vipande vya fito, vuta mpira wa ndani uone kama bado unarudi, na usinunue hema lisilo na turubai lake la nje kwa ahadi kwamba litapatikana.

Hatua ya 9: Laleni humo usiku mmoja nyumbani

Uani, au sebuleni fito zikisimama. Mfundishe mtoto mambo matatu: zipu, tochi ilipo, na kukuamsha kabla ya kwenda haja. Upime pia muda wa kulisimamisha. Likizidi dakika 20 mchana, mkifika kambini saa moja usiku mtateseka.

Tahadhari ambazo hazina mjadala

Jiko la mkaa lisiingie hemani wala kibarazani, hata likiwa na makaa yanayozimika. Hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na aliyelala haamki kuikimbia. Baridi huzuiwa na godoro chini na blanketi juu.

Usisimamishe hema kwenye mkondo mkavu au ndani ya korongo. Mvua inanyesha mbali huko juu, maji yanawafikia ninyi ambao hamkuona hata wingu. Katika korongo la Hell's Gate, Kenya, mafuriko ya ghafla yaliua watu mwaka 2012 na tena mwaka 2019.

Chakula kisilale hemani palipo na nyani au tumbili. Ndizi moja ndani ya begi la mtoto inatosha kupasuliwa wavu. Na kandokando ya Ziwa Naivasha viboko hupanda nchi kavu usiku kula majani, kwa hiyo kaeni upande wa ndani wa uzio wa kambi.

Likileta shida

*Kuta za ndani zimelowa asubuhi, na mvua haikunyesha.* Ni pumzi zenu. Fungua madirisha ya hewa hata kukiwa na baridi, kaza kamba za ubavuni ili turubai la nje lisiguse la ndani, na nguo mbichi zilale nje.

*Maji yanatoka chini.* Mara nyingi turubai la chini, lile mnalotandika ardhini chini ya sakafu ya hema, limechomoza. Linakinga mvua na kuipeleka chini ya sakafu. Likunje lipungue sm 5 kila upande, lisionekane kabisa.

*Turubai la nje limelegea usiku.* Kitambaa kimelowa. Toka, kaza kamba zote, anza na upande upepo unakotoka.

*Ufito wa faiba umepasuka.* Ingiza kipande cha bomba la chuma chenye urefu wa sm 15 juu ya ufa na ukizungushie selotepu ya nguo. Bomba hilo likatwe nyumbani, lisafiri na hema.

*Wavu umetoboka.* Bandika selotepu ya nguo pande mbili zikabiliane, kisha ukaushone nyumbani kwa kiraka cha chandarua.

*Zipu inapita lakini haifungi.* Kichwa cha zipu, kile kinachoteleza juu ya meno, kimepanuka. Kibane polepole kwa koleo, upande mmoja kisha mwingine. Mchanga uoshe kwa maji matupu, na mafuta ya kupikia yasiwekwe kamwe, hukamata vumbi.

*Siafu wamepita njia ya hema.* Msipigane nao. Mtoe mtoto kwanza, wapisheni, halafu hamisheni hema mita kadhaa kutoka kwenye mstari wao. Majivu yaliyopoa yakizungushiwa huwapunguza kasi kwa muda tu.

*Hema limekunjwa likiwa limelowa Jumapili.* Litandaze siku hiyo hiyo mkifika, hata kama ni juu ya viti vya sebuleni, likauke pande zote mbili hadi kwenye mishono. Likiachwa ndani ya mfuko, hasa kwa joto la pwani, siku chache zinatosha kuota ukungu. Doa lake lisuguliwe kwa sponji na maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo ya kipande. Jiki na mashine ya kufulia vitaondoa ukungu pamoja na utando wa kuzuia maji.